Nilimficha Dada Habari ya Mama Hadi Mstari wa Mwisho

Kosa ni langu, na safari hii nalisema mwanzoni kabisa: mama yangu alikufa akimsubiri dada, na dada alichelewa kwa sababu yangu. Nina miaka ishirini na saba, naishi Ipogolo hapa Iringa, na naona aibu hata kuandika haya.

Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuwa mwandishi. Shule yangu ilikuwa hadithi fupi. Nilizisoma jikoni, nikazisoma hata kanisani nimezificha ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe! Kila nikimaliza moja narudi mwanzo kuangalia mwandishi amenikamataje. Nikagundua siri yao: jambo kubwa wanalificha, wanakuzungusha na mvua na harufu ya chakula, halafu mstari wa mwisho ndipo wanakupiga nalo. Nikajiona nimeiva.

Mama akalazwa. Yeye na dada yangu mkubwa, anayeuza mitumba Mwanjelwa kule Mbeya, walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili, tangu dada aolewe bila kuaga. Asubuhi ile mama akanishika mkono.

"Mwanangu, mwite dada yako. Nina neno naye. Aje leo leo."

Ningepiga simu. Dakika moja tu! Lakini mjinga mimi nikasema moyoni, hawa wamegombana, simu haitamlainisha, ngoja nimwandikie. Na niseme ukweli wote: nilitaka kuona kama naweza kumliza mtu kwa maneno. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, naandika, nafuta, naandika tena. Nikaanza na ukungu wa Kilolo tulipokuwa watoto. Nikaweka njegere alizokuwa akitumenyea mama. Ugonjwa nikauweka mwisho kabisa. Nilipotuma, jamani, nilijisikia fahari!

Wakati huo dada alikuwa anafungua belo la nguo, wateja wamemzunguka. Akasoma mistari miwili, akaona ni yale mambo yangu ya hadithi, akarudisha simu kwenye mkoba.

Mchana mama akauliza, "Amesemaje?"

"Anakuja, mama."

Niliona ujumbe umefunguliwa. Nikadhani amenyamaza kwa sababu analia. Eti analia! Jioni hofu ikanishika, nikapiga, simu yake haipatikani. Alfajiri ndipo akausoma wote, akakimbilia basi la kwanza. Alipofika Iringa mama alikuwa mochwari.

Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeandika mama anaumwa, njoo. Basi. Ulishindwa nini, mdogo wangu?"

Tangu tuzike ananipigia kila wiki na swali moja: "Mama alitaka kuniambia nini?" Sijui! Mama hakuniambia mimi, alikuwa anamsubiri mwenyewe.

Nyie mnaojifunza kuandika, nawapigia magoti. Someni hadithi mpaka mshibe, lakini ndugu yako siyo msomaji wako. Habari ya mgonjwa ianze na mgonjwa. Pigeni simu, semeni, hata kama maneno ni mabovu!

Na mniombee, maana shetani hajaniacha. Yale maneno ya mama nimeshamtungia dada, ya msamaha, matamu, yako hapa kwenye simu yangu. Nimeyasoma mwenyewe nikalia. Bado kutuma tu.