Fundi Anayeikagua Nyumba Kabla ya Kujenga Jiko

Ni saa mbili asubuhi, katikati ya Juni, na katika nyumba moja ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, fundi Eliezer Lwaboshi bado hajagusa tope. Ameshika unyoya wa kuku uliofungwa kwenye uzi. Anausogeza taratibu dirishani, kisha mlangoni, kisha pale ukuta unapokutana na bati. Hapo unyoya unacheza.

"Baridi inapitia hapa, mama," anamwambia mwenye nyumba, Akeza, ambaye ni mjamzito. "Jiko hatutaiweka ku huu ukuta."

Lwaboshi, mwenye umri wa miaka 54, alikuwa mwashi mjini Bukavu, nchini Kongo, kabla ya vita kumfikisha Malawi. Kwa miaka kumi na miwili sasa anajenga majiko ya udongo yenye bomba la moshi, ya kupikia na kupasha nyumba joto. Mwanzoni aliyajenga yote kwa kipimo kimoja.

"Mi nilijua moto njo moto," anasema, yaani moto ni moto tu popote. "Nyumba sikuiangalia."

Miaka sita iliyopita alijenga majiko mawili yanayofanana katika nyumba mbili jirani. Kwa Twagiramungu palipata joto. Kwa mjane Mukarutesi baridi haikutoka. Mukarutesi alilalamika mara mbili, na mara zote mbili fundi alimjibu aongeze kuni.

Kuni za kuongeza hakuwa nazo. Akaingiza chumbani mbaula, jiko la bati la makaa, akafunga mlango. Asubuhi majirani waliuvunja, wakamkuta yeye na mjukuu wake wamezimia kwa hewa ya makaa. Walilazwa siku tatu, wakapona.

"Nilienda kumuomba pardon," Lwaboshi anakumbuka. "Akaniambia, 'Kaa humu ndani, baba, usikie vile mi nasikia.'"

Alikaa asubuhi tatu. Akagundua kuwa jiko aliliegemeza kwenye ukuta wa kusini, ambao msimu wa baridi haupigwi jua na hulowa manyunyu. Joto lote liliishia humo. Nyumba ya Twagiramungu ilikingwa upande huo na nyumba nyingine. Basi akalibomoa jiko, akalijenga upya kwenye ukuta wa kati, akaziba nyufa na kuacha tundu la hewa juu. Hakudai malipo.

Leo Mukarutesi hupika na kuota moto kwa vipande vitatu vya kuni kwa siku, si vinane kama zamani. "Tunalala muzuri," anasema. "Na yeye sasa anauliza mbele ya kujenga."

Tabia hiyo wakati mwingine humpunguzia kipato. Kazi moja ya Lilongwe huilisha familia yake wiki mbili. Lakini mwezi uliopita Louise, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Area 47 mjini humo, alipotaka jiko kubwa sebuleni, Lwaboshi alikagua nyumba nzima, kisha akamshauri ahamie chumba kidogo kinachopata jua la mchana. Huko jiko dogo lilitosha.

"Alikuja kuniuzia jiko, akaishia kunihamisha chumba," Louise anasema akicheka. Tangu hapo amemtafutia wateja wengine wawili.

Mwezi ujao Lwaboshi ataanza kuwafundisha wanawake wanane kazi hiyo katika ukumbi wa kanisa, Dzaleka. Somo la kwanza amemwomba Mukarutesi alitoe, naye amekubali.

"Yeye njo atabaeleza bamama kwanza nyumba yake ilikuwa namna gani," anasema Lwaboshi. "Mi nitakuja na tope nyuma yake."