Chumba Namba Nne cha Gaudensia

Wifi yangu Gaudensia, mke wa kaka yangu, alipika chai na maandazi stendi ya zamani miaka kumi na miwili, tangu mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuja mjini kwetu. Alipikia chini ya turubai, mvua ikinyesha anakimbiza jiko. Tulipopata mkoa mpya, likajengwa jengo la ghorofa: chini mabasi na vyumba vya biashara, juu ofisi. Tukaambiwa waziwazi, mamantilie wa zamani ndio watakaoanza kupewa vyumba. Kila mmoja alete barua.

Mwezi huohuo mimba yake ya miezi saba ikaharibika. Kwetu, nyumba iliyopatwa na hilo hujitenga. Mama haendi sokoni, haingii kwa watu, hashikani mkono na mtu mpaka muda uishe; anayegusana naye, naye hutengwa. Gaudensia ni Mkristo, lakini alisema hataki kumpelekea mwenzake balaa. Akabaki nyumbani, akilima nyuma ya nyumba na kulia.

Barua niliiandika mimi. Nilisimama ng'ambo ya ua, yeye akasema, mimi nikaandika. Karatasi ile mkono wake haukuigusa hata kidogo. Nikampelekea mzee Sulle, mwenyekiti wa kamati ya stendi, nikamwambia ni ya nani. Akaficha mikono nyuma.

"Iweke pale chini," akasema.

Nikaiweka sakafuni. Siku ya kugawa vyumba akasimama mbele za watu, hana hata haya, akasema barua ya Gaudensia haikufika, na mwenyewe hakufika, kwa hiyo kajiondoa. Mtu amejifungia ili wake zenu wazae salama, halafu unasema kajiondoa? Chumba namba nne, kinachotazamana na mabasi, ambacho kingekuwa cha wifi, akampa shemeji yake ambaye hajawahi kuuza hata andazi moja.

Nikaenda nikamweleza wifi yote, nimesimama palepale ng'ambo ya ua. Hakulia. Aliuliza tu jengo linafunguliwa lini.

Siku ya kufunguliwa akaja, miezi miwili kabla ya muda wake kuisha, jiko kichwani. Watu wakampisha, hata yule shemeji wa Sulle. Akaingia namba nne, akawasha mkaa.

Sulle akamwambia mlinzi, "Hhando, mtoe huyo."

Hhando akarudi nyuma. "Mzee, mshike wewe."

Hakumshika. Hakuna aliyemshika, na hakuna aliyenunua. Chai ilichemka, watu wakatazama kwa mbali, na Sulle akaanza kutabasamu. Alijua chai isiyo na mnywaji itamtoa mwenyewe. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Nikaingia mle ndani, nikapokea kikombe mkononi mwa wifi yangu, nikanywa mpaka mwisho huku namtazama Sulle usoni.

"Sasa tumetengwa wawili, mzee," nikamwambia. "Tutoe."