Mjomba Hapatikani

Juzi, kwenye duka la simu mjini Newala, nilimkuta mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akimpigia kaka yake aliyeko Msumbiji. Kwetu, mtoto hazikwi mpaka mjomba aseme neno.

"Humpati, Mama," muuzaji akamwambia. "Laini yake ya huku ameizima. Nilimwekea eSIM ya safari, laini isiyo na kadi. Ni intaneti tu, haina namba. Mtafute WhatsApp."

"Kwa hiki, mwanangu?" Akainua kitochi chake cha vitufe.

Nikamwandikia mjomba kwa simu yangu. Tiki moja, ikabaki palepale.

Wasomi wenzangu husema dunia imekuwa kijiji. Kijiji gani hiki, ambacho mfiwa hawezi kumwita ndugu yake?

Mama akajifunga kanga upya. "Wazee wamechoka kusubiri. Wazike tu."

Jioni mjomba akajibu: "Niko njiani. Msizike kwanza."