Maana Niliyoitunga ya Jina Langu

Shule niliishia darasa la nne. Silifichi hilo, maana waliomaliza vyuo wanakuja dukani kwangu Kanyenye kununua cheni na matairi ya baiskeli, na wananiamkia. Nilianza kwa kubeba mizigo stesheni. Leo nina duka, nina nyumba Mtendeni, na mama yangu mzazi analala kwenye chumba chenye feni. Hakuna aliyenishika mkono.

Lakini kuna jambo nikilikumbuka nasikia kinyaa, na kinyaa hicho kingi ni cha nafsi yangu mwenyewe.

Alikuja dukani mwanamke kutoka Dar es Salaam, mtunzi wa hadithi. Alikuwa anakusanya maneno yasiyo ya kawaida, lugha ya vijiweni na maana za majina, awawekee watunzi wenzake mtandaoni. Alikaa juu ya kreti ya soda na daftari lake, akidonoa maneno kama kuku. Fundi wangu akitamka neno la kijiweni, yeye anaruka: "Hilo tamu! Rudia!" Akamwuliza muuza karanga mmoja maana ya jina lake. Yule mama akasema alizaliwa mwaka wa njaa. "Nzuri sana hiyo!" mtunzi akasema, anacheka. Njaa ya watu, kwake nzuri. Nilitaka kutema mate.

"Na wewe baba, la kwako lina maana gani?"

Mafundi wote wakaacha kazi kusikiliza. Jina langu ni la Kinyamwezi, sitaliandika hapa. Maana yake ni takataka. Mama alizika watoto wanne kabla yangu. Nilipozaliwa, shangazi alinifunga kitambaa kikuukuu akaniweka jalalani, juu ya majivu na maganda, ili kifo kidhani mtoto huyu hana mwenyewe. Jirani akapita, akaniokota, na mama akaninunua kwake kwa ungo wa mtama. Ndivyo nilivyobaki hai. Lakini mtu mwenye duka kama langu amwambie mgeni kwamba yeye ni takataka?

"Kirangozi," nikasema, kifua mbele. "Yule aliyetangulia misafara ya pembe kwenda pwani. Ukoo wetu ndio ulioongoza njia."

Akaandika.

Haikupita miezi mingi, binti yangu aliyeolewa Mwanza akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Baba, nimeona mtandaoni maana ya jina lako! Kumbe sisi ni wakubwa hivyo! Wakwe zangu wamelipenda, tumempa mtoto."

Nilichinja mbuzi. Niliula uongo wangu na mchuzi, nikajilamba vidole.

Mama akauliza, pande la nyama mkononi, "Kitukuu changu mmempa jina gani?" Nikamwambia. Akairudisha nyama sahanini.

"Makaburi yako wapi?"

"Makaburi gani, mama?"

"Ya waliomtangulia. Jina hilo hapewi mtoto ambaye hajatanguliwa na makaburi. Likiyakosa, linakwenda kuyatafuta. Umemwitia mtoto kifo, mpumbavu wewe."

"Mama, hayo mambo ya zamani."

"Hayo ya zamani ndiyo yaliyokufikisha hapo ulipo, na kitambi hicho."

Hakula siku ile wala kesho yake. Alikaa mkekani ameuelekea ukuta. Siku ya tatu nikaona nitamzika mama yangu kwa sababu ya majivuno. Nikampigia binti. Wakwe walikuwepo, na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Nikasema yote: makaburi manne, jalala, takataka. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimetafuna mwarobaini.

Baba mkwe wa binti yangu akakohoa. "Kwa hiyo kirangozi hakuwepo, mzazi mwenzangu?"

"Kama alikuwepo, sisi tulikuwa nyuma yake na mizigo."

Mtu akacheka huko. Binti hakucheka. "Bibi alizika wanne," akasema, "na mimi sikuwahi kuambiwa. Mpe simu."

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Mwiteni jina la mtu yeyote aliyekufa mzee," akasema. Wakampa la babu wa mume wa binti yangu, aliyekufa hana hata jino moja. Mama akaomba uji.

Mimi nikampigia mtunzi kwa namba aliyoniachia, nikamtaka afute maana ile.

"Jamani baba! Hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Wapo waliosema watawapa watoto wao."

Nikamweleza kwa nini haifai. Nikamweleza habari za mama na makaburi manne, jalala na ungo, mtu mzima mimi. Hakunikatiza, nikadhani ameguswa. Kisha nikasikia ukurasa wa daftari unafunuliwa.

"Wanne, umesema?" akauliza taratibu. "Na ungo wa nini, baba?"

Nikakata simu.