Naendesha

"Huyu hata baiskeli hataweza kuiendesha," walisema majirani nilipoondoka Unguja kwenda kusomea injini. Nilirudi na diploma, miaka michache baada ya Mapinduzi, na mashine ya umeme iliyowashinda mafundi watatu niliiwasha peke yangu. Barazani nikawa natamba: "Sasa naendesha mimi!" Walicheka, maana kwetu anayeendesha ni pia mgonjwa wa kuharisha. "Pole fundi, kanywe uji," walinitania kila siku.

Asubuhi moja jirani alinijia karakanani akihema. "Mama yako anaendesha tangu alfajiri."

Nilidhani ni utani uleule. "Mwambie ashike usukani vizuri," nikamjibu, nikarudi kwenye injini yangu. Jioni nilimkuta mama amefunikwa shuka mpaka usoni.

Nauli ya kwenda masomoni niliikopa kwa majirani, na mama aliniwekea rehani bangili zake. Mwezi ule niliwalipa wote, mpaka senti ya mwisho. Bangili nilizikomboa kwa sonara, nikampelekea mama mdogo, nduguye marehemu. Aliitikia shikamoo yangu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaingia ndani bila kunikaribisha.