Aya Niliyomsomea Mama Mgonjwa

Nina sauti. Nalisema mapema, kwa sababu kwetu Kindu Mwislamu mwenye sauti hana haja ya kuwa na kitu kingine. Nilijifunza kusoma Kurani kwa kaseti ya msomaji mmoja wa mbali, nikaiga kila pumzi yake, hata kikohozi chake. Wazee walifumba macho wakinisikiliza. Kuhusu maana, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujisumbua. Sisi ni wajukuu wa watu wa misafara ya pwani, tunajivunia kanzu na kofia. Dini ilitufikia zamani kuliko barabara, na barabara mpaka leo haijafika. Nadhani maana nayo ilikuwa imekwama huko huko kwenye matope.

Baba alikufa vita vilipoanza. Aliacha kiwanja kimoja karibu na Lualaba, nyumba ya vyumba vinne, mke, binti na mimi. Kiwanja nikakishika mimi. Hakuna aliyegawa na hakuna aliyeuliza. Dada yangu mdogo alikuwa kwa mumewe. Mume alipomwacha, akarudi na kapu moja la nguo. Nikampa chumba cha uani kilichokuwa cha kuku, nikajiona mkarimu sana.

Kisha mama akaugua. Treni haikuja, mashua hazikuja, na hospitali ilibaki na vitanda na pole. Tukamwita mwalimu aliyenifundisha herufi kwenye chuo cha Kurani, mzee mwenye heshima na mkono mwepesi wa kupokea. Akamwandikia mama kombe: aya zinaandikwa kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Zafarani ilikuwa imeadimika tangu njia zifungwe, kwa hiyo akaandika kwa bizari ya jikoni. Mama akanywa sahani tatu zenye harufu ya mchuzi, na homa ikapanda. Mwalimu akatoa hukumu.

"Hapa iko lazima sauti. Umusomee siku saba, mutoto wangu. Chagua ile unajua muzuri kupita zote."

Nilijua ipi. Katika Surat An-Nisaa kuna kipande nilichokipenda kuliko vyote. Kina mahali pa kuvuta sauti mpaka pumzi iishe, na kina maneno yanayorudi mara nne, nami nilikuwa nayapandisha kidogo kila yanaporudi. Majirani wakajaa uani. Siku ya tatu wanawake walilia. Siku ya tano askari aliyekuja kutunyang'anya kuku alivua kofia, akasimama kwa adabu mpaka nikamaliza, ndipo akaondoka na kuku.

Siku ya saba mama aliketi, akaomba wali. Mji mzima ukapata habari. Ambacho mji haukupata ni kwamba siku ya nne dada yangu alikwenda kwa muuguzi wa kambi ya askari na kitenge chake cha harusi, akarudi na vidonge vya kwinini bila kitenge. Alimpa mama kimya kimya, wakati mimi nakunywa tangawizi kulainisha koo. Nimezoea kuwaambia watu kwamba jambo hilo nililijua baada ya miaka mingi. Ni uongo. Vidonge niliviona siku ile ile, nikanyamaza.

Tangu hapo nikawa daktari. Walinipeleka Kampene kwa pikipiki kumsomea mfanyabiashara wa dhahabu aliyevimba miguu, wanawe wamemzunguka wanalia. Walinipeleka Kalima kwa mchimbaji aliyeangukiwa na shimo. Wote niliwasomea kipande kile kile. Waliopona walinisifu, na waliokufa hawakulalamika.

Vita vikaisha, au tuseme vilihamia kwa wengine. Miaka ikapita, na wanawake wa msikiti wetu wakaanzisha darsa kila Alhamisi alasiri, kusoma Kurani pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Nilicheka sana. Nilisema wanakwenda kusengenya wakiwa na udhu. Dada yangu alikwenda na daftari, na hakukosa hata Alhamisi moja.

Mwaka huu mama ameugua tena, safari hii zaidi ni uzee. Na mwaka huu huu mnunuzi mmoja wa madini alikitaka kiwanja chetu ajenge ghala. Tukaelewana. Mama sikumwambia. Dada nilimwambia aanze kutafuta mahali pa kukaa. Akasema, "Sawa, yaya," kama tunavyomwita kaka mkubwa, akaendelea kupepeta mchele.

Wiki ile ile mama aliniita.

"Unisomee ile yangu ya wakati ya vita."

Nikakaa kando ya kitanda, nikasoma. Sauti bado ninayo, Mungu ashukuriwe. Nilipomaliza, dada alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake cha darsa, chenye tafsiri.

"Mama, unapenda kujua vile inasema?"

"Dawa haifasiriwi," nikasema haraka.

"Mwache aseme," mama akanijibu. "Mi nataka kusikia."

Dada akasoma polepole kwa Kiswahili. Ilikuwa habari ya mirathi: mtu akifa, mali yake inagawanywaje. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, lakini wa kike anapata lake. Mjane naye ana lake. Na yale maneno yanayorudi mara nne, yale yaliyowaliza wanawake uani, yanasema kwamba watu wagawane baada ya kutimiza wasia na kulipa madeni ya marehemu.

Mama alinitazama.

"Kumbe njo hii ulinisomeaka siku saba? Na mi niko muzima?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamkumbuka yule mzee wa Kampene, kitandani na miguu yake, na mimi nawagawia wanawe mali yake kwa sauti nzuri huku tukiitikia amina. Niliona haya. Nikacheka na mimi, nikidhani kicheko kitanitoa mle chumbani. Lakini mama alikuwa ameshamaliza kucheka.

"Fungu yangu ya baba yenu iko wapi? Na ya huyu iko wapi?"

"Mama, desturi yetu..."

"Nakuuliza aya, unanijibu desturi." Akajiegemeza ukutani. "Mi nilikunywaka dawa yangu wakati ya vita, hata ilikuwa inanuka muchuzi. Sasa na wewe kunywa yako."

Nilikasirika. Nilimkasirikia dada, na kitabu, na yeyote aliyebuni Alhamisi. Siku tatu nilikula kwa jirani. Siku ya nne, mchana, dada akiwa sokoni, nilikichukua kitabu chake nikatafuta mlango wa kutokea. Nilisoma na maelezo ya chini. Hakuna mlango. Kile nilichokipandisha na kukishusha miaka yote hiyo kimesemwa wazi kama mama anayegawa wali kwenye sahani.

Nikamwambia mnunuzi biashara imekufa. Tukaenda kwa mkuu wa mtaa, jina langu likaongezewa mawili kwenye karatasi ya kiwanja. Msinionee huruma, maana fungu langu bado ni mara mbili ya la dada. Lakini alipoambiwa achague chumba, alichagua cha mbele, kinachotazama njia, nami nikahamishia vitu vyangu nyuma.

Kwa hiyo siku hizi watu wakija kunichukua nikamsomee mgonjwa, anayefungua mlango ni yeye. Anawakaribisha, anawapa kiti, kisha anawauliza kabla hajaniita:

"Mugonjwa wenu angali muzima? Basi mumuambie kaka yangu asome ingine."