Maharage Yaliyoota Gulioni

Majani yaliyofukiwa kwenye udongo mbichi yana harufu yake. Si ile ya majani yaliyokatwa, wala si ya samadi. Iko katikati, tamu kidogo na yenye joto, kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Mwaka jana nilikuwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, nikisimamia kazi ya kutengeneza mahali pa watu kupumzika kati ya ufuko na barabara. Kazi yangu ndiyo hiyo, kusanifu viwanja vya umma: mti ukae wapi, njia ipite wapi, maji ya mvua yaende wapi. Asubuhi moja vibarua walikuwa wamelaza majani mteremkoni na wameanza kuyafukia. Mvua ya usiku ilikuwa imeyalowesha. Upepo ukanipiga usoni na ile harufu, nami nikasimama na utepe wa kupimia mkononi, nimekuwa tena mtoto wa darasa la tatu mwenye tope hadi magotini, juu milimani Mkumbi.

Kwetu Mkumbi kulikuwa na gulio kila Jumamosi. Msije mkafikiria mabanda na saruji. Ulikuwa uwanja wa udongo mwekundu chini ya kilima, na kilima chenyewe kilikuwa kipara, kwa sababu mbuzi walikuwa wamekimaliza na watu walikuwa wamekikata njia kila upande, kila mtu na njia yake ya mkato. Watu walitandika magunia chini, wakapanga viazi, ndizi, mitumba na vyungu. Kutoka ziwani walipanda wanawake na vikapu vya usipa, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani, na harufu yao ilifika kabla yao.

Mama yangu aliuza chai, uji na viazi vya kuchemsha. Mahali pake palikuwa chini kabisa ya kilima, penye jiwe kubwa la kuegemea. Alihitaji jiwe hilo kwa sababu mguu wake wa kushoto haukuwa mzima. Kutoka nyumbani hadi pale ndio ulikuwa mwisho wa umbali aliouweza akiwa na sufuria kichwani. Ila kila iliponyesha, kilima chote kilishuka kuja kunywa chai ya Mama. Tope lilizima moto, likasukuma mafiga, na mara moja lilichukua kandambili zake zote mbili, tukaiona moja tu.

Mwaka ninaousimulia, afisa mmoja kutoka ofisi ya kata alikuja, akazama tope hadi juu ya viatu, akasema mbele ya watu wote kwamba gulio haliwezi kuendelea mahali kama pale. Uwanja usipokuwa umetengemaa mvua zitakapoisha, litahamishiwa bondeni, kijiji cha jirani, kando ya barabara kubwa. Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya kutembea zaidi. Kwetu ilikuwa habari ya kuacha kuuza chai. Jioni Mama alisugua sufuria lake kwa majivu hadi nikaogopa litatoboka.

Wanaume walitangulia kujaribu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Fridolini, mtu mchangamfu aliyependa kuvua shati kabla ya kazi kuanza, aliwaongoza kuchimba mfereji mrefu juu ya uwanja ili maji yakamatwe na kupelekwa pembeni. Halikuwa wazo baya. Hata leo nawaona watu wenye vyeti wakianza hapohapo. Tatizo ni kwamba mfereji huyaita maji yote mahali pamoja, na maji yakiwa mengi pamoja hupata nguvu ambayo kila tone peke yake halina. Mvua kubwa iliyofuata ilivunja ukingo wa mfereji katikati kabisa, juu ya jiwe la Mama. Badala ya tope la kutambaa tukapata tope la kukimbia.

Watu wakabaki wamesimama wakitazama korongo jipya. Shangazi Osmunda, dada yake Baba, alikuwa amekaa kwenye kiroba cha viazi akijikwangua tope miguuni kwa kijiti. Shangazi alikuwa mfupi, mpana, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Shamba langu liko kwenye mteremko mkali kuliko huu," alisema, bila kuinua macho, "na udongo wake haujawahi kwenda kumsalimia jirani."

"Dada Osmunda, hili ni gulio, si shamba," Bwana Fridolini akamjibu.

"Mvua imeambiwa hivyo?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikapungua taratibu, kila mmoja akageuka kukitazama kilima. Shangazi hakuwa amefichua siri yoyote. Kila aliyesimama pale alikuwa amejifunza ngolo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Ila jembe lilikuwa la shamba na gulio lilikuwa la serikali, na hakuna aliyewahi kuyakutanisha hayo mawili.

Kwa msiozijua ngolo, niwaeleze, maana ni kitu cha kupendeza. Mvua zikikaribia mwisho, wanaume wetu, sisi Wamatengo, hufyeka majani, huyaacha yakauke kidogo, kisha huyalaza chini kwa mistari inayokatana, mteremko mzima uonekane kama daftari la hesabu. Wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila chumba na kuutupa juu ya majani pande zote. Kazi ikiisha, kila chumba ni shimo, na kila mstari ni tuta lenye majani tumboni. Mvua ikija, kila shimo hupokea maji yake kidogo na kuyanywa polepole, na yale majani huoza yakawa mbolea. Maji hayapigwi vita. Yanagawanywa tu, hadi hakuna penye ya kutosha kufanya fujo.

Majani yalipokwisha kufyekwa na kukauka, kijiji kizima kilikusanyika siku ya gulio yenyewe. Hapo akatokea Mama Grace wa Lipingo, muuza usipa, kikapu kichwani.

"Nyie Wamatengo!" alipiga kelele. "Hata mkipelekwa mbinguni mtachimba mashimo!"

"Na nyie Wanyasa mtauliza kama kuna usipa," Shangazi akamrudishia.

"Tutauliza, ndiyo. Sasa mimi na kikapu changu nitapita wapi? Nitumbukie humo, mnichemshe na viazi?"

Utani huo ulikuwa na swali la kweli ndani yake, na Shangazi alilisikia. Alimwambia Mama Grace ashuke hadi chini, kisha apande kilima akiwa na kikapu chake, asiharakishe, apite anapoona miguu inapenda. Mama Grace alicheka, akapanda. Hakwenda moja kwa moja kama sisi watoto. Alikata kushoto taratibu, akageuka kulia penye mgongo wa kilima, akapumua kidogo, akageuka tena. Shangazi alimfuata nyuma akidondosha majani kila alipokanyaga. Hapo wakaacha tuta pana, la watu wawili wenye mizigo kupishana, na pale alipopumulia wakaweka jiwe bapa la kutua kikapu. Mengine yote yakawa ngolo. Sisi wasichana tulichimba pamoja na mama zetu, na wavulana walifukuzwa mara kwa mara kwa kuruka kutoka shimo hadi shimo. Mama, kwa ajili ya mguu wake, alikaa kwenye jiwe akichemsha uji wa wote.

Kabla hatujatawanyika, Bwana Fridolini alisimama juu ya tuta na kutoa onyo moja. "Jamani, hakuna kupanda. Nasema hakuna. Mtu akipanda hapa, kesho atasema ni pake, na gulio litakuwa limekwisha." Wanawake wote wakaitikia kwa sauti kwamba wamesikia.

Jumamosi iliyofuata mvua ilitukuta gulioni. Nilijikunyata karibu na Mama chini ya kipande cha turubai, nikakitazama kilima. Mashimo ya juu yalianza kung'aa, kisha ya katikati, kama vile mtu anapanga vikombe na kuvimiminia kimoja kimoja. Yakajaa nusu, yakatulia. Nilisubiri tope. Mama naye alilisubiri, ameshika sufuria kwa mikono yote miwili tayari kuinuka. Mvua ikapita. Moto ulikuwa bado unawaka. Aliliachia sufuria kidole kimoja kimoja, akanimiminia kikombe cha uji uliokuwa wa kuuza.

Siku chache baadaye kilima kikaota maharage.

Hayakuwa ya sehemu moja. Yalikuwa kwenye kila tuta, yamesongamana mahali pengine kama nywele. Ilikuwa wazi kilichotokea. Kila mwanamke, alipokuwa akichimba, alikuwa na mbegu kidogo kwenye pindo la kanga, na mkono wake, bila hata kuuuliza moyo, ulidondosha mbili tatu ndani ya udongo uliolainika. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mmatengo kuacha tuta la ngolo bila maharage mwezi wa tatu ni kama kuosha sufuria, kuliinjika motoni, halafu kuondoka.

Bwana Fridolini alishika kichwa. Na onyo lake likaanza kutimia, maana maneno ya chinichini yalizuka: haya ya huku ni yangu, yale nilimwona fulani akipanda juu ya yangu. Mtu mmoja akachomeka vijiti kuonyesha mpaka. Mwingine akaving'oa. Shangazi Osmunda mwenyewe alinuniana na jirani yake juu ya tuta moja, wakaacha kusalimiana.

Yule afisa alirudi mvua zilipokuwa zinaishia. Aliutembea uwanja wote kwa viatu vikavu, akaugonga kwa kisigino, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akainua macho. Maharage yalikuwa yametoa maua.

"Hili shamba ni la nani?" aliuliza.

Niliona wanawake wakitazamana. Mtu mmoja tu angejibu "langu," na pale pasingekuwa tena gulio bali shamba lenye uwanja mbele yake. Mama aliinuka kwa kulisukuma jiwe, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo," alimsalimia kwanza, ingawa sidhani kama alimzidi Mama umri. "La gulio, baba. Maharage ni ya kupikwa hapahapa, aje yeyote ale. Karibu yakikomaa."

Afisa alimtazama, akamtazama mwenyekiti. "Ni kweli?"

"Kabisa," alijibu Bwana Fridolini, kana kwamba lilikuwa wazo lake tangu mwanzo.

"Tulikubaliana wote," akaongeza Shangazi Osmunda, na jirani yake waliyenuniana naye akasema, "Wote." Afisa akanywa chai, akaondoka, na habari ya kuhamia bondeni hatukuisikia tena.

Maharage yalipokomaa yaling'olewa kwa pamoja. Mama aliyapika Jumamosi mbili katika masufuria ya kuazima, na Mama Grace aliongeza usipa akisema maharage matupu ni chakula cha watu wenye huzuni.

Miaka mingi niliamini kwamba gulio liliokolewa na ngolo. Niliposoma kazi hii na kuanza kuifanya, nilichora miteremko mizuri katika miji kadhaa, nyasi, mawe na vitu vyote vinavyotakiwa. Mingi kati ya hiyo niliikuta baadaye imerudi kuwa vipara. Haikuwa na kosa kwenye mchoro. Haikuwa na mtu wa kuirudia. Ngolo hubomoka zisipochimbwa upya, na kilima cha Mkumbi kimechimbwa upya kila ulipofika wakati wake, hadi leo, bila mtu kuagizwa, kwa sababu kuna maharage. Lile tuliloliona kosa, zile mbegu zilizotoka kwenye mapindo ya kanga baada ya kukatazwa, ndilo lililokuwa likiwarudisha watu na majembe yao. Na neno la Mama lilizuia wasirudi kila mtu na mpaka wake.

Siku hizi nikimwonyesha Mama mchoro wowote, huuliza jambo moja: "Na moto wa chai umeuweka wapi?" Nami, kabla sijachora njia, humtafuta mtu wa mahali hapo mwenye mzigo kichwani, nikamwomba apande taratibu.

Kazi ya Lipingo ilipokaribia kwisha nilimleta Shangazi Osmunda aione. Ni mzee sasa, anashika fimbo, lakini mdomo bado hauna mlango. Aliikagua njia pana, akakaa kwenye jiwe bapa nililoweka kwenye kona, akasema kwa Wanyasa si haba. Kisha akawa anayatazama matuta mapya yaliyofika hadi karibu na mchanga. Nilimweleza, kwa upole, kwamba mpango ni kupanda maua na nyasi za kushika udongo, na mbegu za kitu kingine haziruhusiwi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema.

Niliona vidole vyake vikishuka polepole hadi kwenye pindo la kanga. Nikageuka kulitazama ziwa, nikalitazama kwa muda mrefu, ili nimpe nafasi.